Mama Mkwe Alisema Marehemu Ndiye Anayenikatia Mtandao

Mume wangu alizikwa Ijumaa. Wiki chache baadaye nikarudi kazini, humo humo ndani ya eda, na mtandao ukakatika. Mama yake akasema ni yeye ndiye anayeukata.

Naandika kama alivyosema. Kama unadhani ni chai, pita hivi, waachie wenzako wasome.

Naitwa Shufaa. Nyumba yetu iko Mapinga, ndani kidogo kutoka barabara ya Bagamoyo, kule ambako juzi juzi tu kulikuwa na mikorosho na leo ni mageti matupu. Mume wangu, Abdulrazak, alikuwa fundi wa mitandao ya maofisini. Anakwenda Dar asubuhi, anarudi jioni.

Mimi kazi yangu naifanyia nyumbani. Napokea simu za wateja wa kampuni moja ya kusafirisha vifurushi. Mzigo wa mtu umepotelea njiani, ananipigia, ananitukana mpaka anachoka, mimi namjibu kwa upole huku nautafuta kwenye kompyuta.

Usicheke. Naipenda hiyo kazi.

Presha ilimwangusha Abdulrazak akiwa kazini na hakuinuka tena. Sitaki kusimulia siku ile. Nitasema tu kwamba nilimpenda, na niliingia eda bila kusukumwa na mtu.

Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki bila dharura, hajipambi, hajifukizi udi, haonani na wanaume wasio maharimu wake, yaani wale wanaoweza kumuoa. Nikavaa nguo zangu nyeupe, nikakaa.

Ila kazi ya sauti tupu, chumbani kwangu, mlango umefungwa, hainitoi nje. Nilimuuliza shehe wa msikiti wetu kupitia kwa mkewe, akasema haina neno. Bosi wangu, Evelyn, naye akanikubalia. Nikasema alhamdulillah, angalau hili moja limebaki.

Siku ya kwanza nimekaa, nimevaa spika za masikioni, saa nne asubuhi kompyuta ikagoma. Mtandao hakuna.

Mama mkwe wangu, Bi Arafa, alikuwa sebuleni. Alitoka Miono kuja kukaa na mimi mpaka eda iishe. Ni mwanamke wa shamba, haongei chini chini, na hana muda wa kubembeleza mtu.

"Mama, simu yako inashika mtandao?"

"Inashika. Nasikiliza mawaidha hapa."

"Mbona kompyuta yangu haishiki?"

Akaiweka simu mapajani. "Razaki hakuridhika na hiyo kazi yako."

"Mama, Razaki yuko kaburini."

"Mimi nakwambia ni yeye, mkwe. Ndiye anayekukatia."

Makubwa! Nikarudi chumbani nikafunga mlango. Nilikuwa na hasira. Nimezika mume, sasa naambiwa mume mwenyewe kageuka mzuka wa kukata mitandao ya watu.

Kesho yake, saa ile ile, ukakata tena. Keshokutwa vile vile. Baada ya adhuhuri unarudi wenyewe, kama vile hakuna kilichotokea, na zamu yangu imeshaharibika. Nilijaribu bando la simu, lakini huku ndani linasuasua, wateja wanakatikia njiani.

Hapa inabidi nieleze kitu. Juu ya kabati la vyombo, pembeni ya sebule, Abdulrazak alikuwa ameweka visanduku viwili. Kimoja ni ruta, inayotuletea mtandao. Cha pili kinaitwa firewall. Nyumba nyingi za mtaani kwetu hazina kitu hicho, sisi tulikuwa nacho kwa sababu mwenye nyumba ni fundi.

Yeye alinieleza kwamba huyo ni mlinzi wa getini. Kila kinachotoka na kuingia kinapita kwake, naye anafuata amri alizopewa: huyu pita, huyu rudi ulikotoka. Amri anazipokea kwa mwenye neno la siri tu.

Neno la siri alikuwa nalo yeye.

Na niseme ukweli, hata alipokuwa hai mtandao wangu ulikuwa na vituko. Unakata katikati ya kazi, nampigia ofisini, anacheka. "Umegusa nini tena, mke wangu?" Nasubiri kidogo, unarudi. Jioni akija ananiambia, "Hivi vitu viache kama vilivyo, niulize mimi." Na mimi nilikuwa namshukuru, namtengea chakula, namsifia kwa majirani kwamba nina mume anayejua kazi yake.

Sasa ulikuwa unakata na sina wa kumpigia.

Evelyn akanipigia simu ya kawaida. Yule dada hana makuu, lakini siku hiyo sauti yake ilikuwa ya ofisini.

"Shufaa, pole na msiba, na nasema kwa moyo wangu wote."

"Ahsante, dada."

"Lakini wateja wanapiga hawapati mtu. Huku juu wameanza kuniuliza. Wiki hii ikiisha hivi, nafasi yako anapewa mwingine, na mimi sitakuwa na uwezo wa kukurudisha."

Nikamwambia haitaisha hivi. Nilisema kwa ujasiri, halafu nikakata simu nikalia.

Wewe unaweza kuona ni kazi tu. Mimi nilijua kinachofuata. Mjane asiye na kipato, eda ikiisha, anakuwa ajenda ya kikao cha ukoo. Arudi kwao Ubena? Akae kwa nani? Aolewe na nani? Watu wazima wanakunywa kahawa na kukujadili kama kabati ambalo halijapata pa kuwekwa. Nikasema mimi hilo halinikuti. Nitakaa kwa jasho langu, na nitajiamulia mwenyewe.

Shemeji yangu Mwinjuma, mdogo wa marehemu, alikuwa dalali wa viwanja. Ndiye aliyeteuliwa kusimamia mirathi. Alikuja mara kwa mara, na kwa kuwa shemeji naye si maharimu, alikaa barazani tukaongea pazia likiwa katikati.

"Shemeji, kwani hiyo kazi lazima? Pumzika. Sisi tupo, tutakutunza."

"Mtanitunza mpaka lini?"

"Aah, shemeji nawe! Maswali gani hayo?"

Nikamsikia anatembea uani, anasimama, anatembea tena. Dalali akitembea kwenye kiwanja chako hivyo, huhitaji kuambiwa anawaza nini.

Nikamwita fundi. Msabaha, kijana wa Bagamoyo mjini, ana duka la kutengeneza kompyuta. Alipofika getini mama mkwe akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwanamume haingii humu. Kuna mtu eda."

"Sasa mama, kifaa kiko ndani, mimi niko nje. Natengeneza vipi?"

"Utatengeneza hapo hapo ulipo."

Basi, wadau, hapo ndipo nilipoona maajabu. Fundi kakaa barazani na begi lake. Mama kaweka kigoda kizingitini, nyuma ya pazia. Mimi niko sebuleni na kompyuta. Na mama kaamua kwamba maneno yote yapite kwake.

"Mwambie dada aangalie taa za kijani kama zinawaka."

"Anasema uangalie taa za kijani."

"Nimemsikia, mama. Zinawaka."

"Zinawaka!" mama akapiga kelele, kama fundi yuko ng'ambo ya mto.

"Mwambie afungue ukurasa aandike moja tisa mbili, nukta, moja sita nane..."

"Anasema moja, tisa... Ehee, wewe kijana! Zipunguze hizo namba, mimi si mashine."

Nilicheka. Tangu msiba ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka, na mama akanitazama kwa jicho kali halafu na yeye akaziba mdomo kwa kanga.

Tulikwenda hivyo mpaka fundi akapata alichokuwa anatafuta. Simu zote za nyumba zinapata mtandao. Televisheni inapata. Kompyuta yangu ikiona ruta inaiona vizuri, ila ikitaka kutoka nje, inarudishwa.

"Dada," akasema, safari hii moja kwa moja, na mama hakumzuia. "Kompyuta yako nzima. Ruta nzima. Huyo mlinzi ndiye anayekukataa wewe peke yako. Kuna amri mtu kaiweka mle ndani."

"Mtu gani?"

"Mwenye neno la siri. Kama hamlijui, kuna kitundu kidogo nyuma, mnabonyeza na sindano, kinasahau kila kitu. Au mnachomoa waya, mnakiruka kabisa."

Nilishainuka kutafuta sindano. Mama naye akainuka.

"Hakibonyezwi. Na waya hauchomolewi. Kitu cha marehemu hakiguswi mpaka mirathi igawiwe."

"Mama, ni kisanduku tu!"

"Hata kijiko. Umeona nimegusa hata kandambili zake?"

Hakuwa anatania. Viatu vya Abdulrazak vilikuwa bado mlangoni pale pale alipoviacha. Akampigia Mwinjuma, na Mwinjuma naye akasema hapana, kila kitu kibaki kama kilivyo mpaka kigawiwe. Fundi akafunga begi lake, akatuombea kheri, akaondoka.

Hapo akili yangu ikakimbilia sehemu moja tu. Nani alimsaidia Abdulrazak kutandaza nyaya za ile nyumba? Mwinjuma. Nani anataka nishindwe niondoke? Mwinjuma. Nani kakataza kisanduku kisiguswe?

Nikampigia. Sikuzunguka.

"Shemeji, wewe ndiye umenifungia mtandao. Unataka nikose kazi, nikuachie nyumba uipeleke kwa wateja wako."

"Wallahi shemeji! Mimi?"

"Wewe."

"Mimi hata waifai ya kwangu imenishinda, kaka ndiye alikuwa ananiunganishia! Nyumba naitamani, sikatai, mimi ni dalali. Lakini hilo la mitandao, Mungu anaona."

Sikumwamini. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, nikakata.

Ikafika siku ya mwisho ya kazi wiki ile. Asubuhi Evelyn akatuma ujumbe mfupi: "Leo vipi?" Sikujibu. Nilikwenda sebuleni, nikasimama mbele ya mama mkwe.

"Mama, naomba simu ya Razaki."

Alikuwa nayo yeye. Tangu msiba aliifunga kwenye pindo la kanga yake, anaichaji kila siku, anasikiliza zile jumbe za sauti walizokuwa wanatumiana yeye na mwanawe. Nilikuwa namsikia. Sikuwahi kumwingilia kwa hilo.

"Ya nini?"

"Alikuwa anaendesha kile kisanduku kwa simu. Nataka kusoma."

"Mirathi, mkwe."

"Kusoma si kugawa, mama. Sibonyezi kitu, sichomoi waya. Nataka nimjue aliyenifungia, basi. Nina haki hiyo ndani ya nyumba hii."

Mkono wake ulikuwa juu ya lile pindo.

"Mengine usiyatafute."

"Nitayatafuta."

"Utaumia."

"Nimeshaumia. Nimezika mume. Unadhani kuna kitu humo kinanizidi?"

Halafu akafungua pindo, akanipa.

Namba ya kuifungua niliijua, hata mama aliipata kwangu. Abdulrazak hakuwahi kunificha simu yake, inalala mezani, inaita napokea. Ndiyo maana nilikuwa namwamini.

Nikakuta ile programu ya firewall. Ikafunguka yenyewe, haikuuliza neno la siri. Kwenye amri zilizowekwa, nyingi sikuzielewa, mambo ya kuzuia wezi wa mitandaoni. Ya mwisho niliielewa. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili.

"Shufaa apumzike."

Nikaigusa. Zuia kompyuta ya Shufaa, siku zote za kazi, tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana.

Chini yake jina la aliyeiweka. Abdulrazak.

Na tarehe. Ilikuwa siku niliyopandishwa cheo nikawa mkubwa wa zamu. Naikumbuka vizuri kwa sababu alirudi na kuku wa kuchoma, tukala wawili, akasema anajivunia mimi.

Nikasoma kumbukumbu zote. Kila siku niliyompigia ofisini kulalamika, ameizima. Kesho yake au keshokutwa, ameiwasha. Imezimwa, imewashwa, imezimwa, imewashwa. Mara ya mwisho aliiwasha asubuhi ile ile aliyoanguka. Na baada ya hapo hakukuwa na mtu wa kuizima.

Nilikaa chini, pale pale kwenye sakafu. Yule niliyekuwa namshukuru kwa kunitengenezea ndiye aliyekuwa ananiharibia. "Umegusa nini tena, mke wangu?" Sikuwa nimegusa kitu! Mwaka mzima najiona zuzu ndani ya nyumba yangu, nami sikuwa nimegusa kitu!

"Nilikwambia ni yeye," mama akasema.

Nikamwinulia uso. Hakuwa na mshangao hata kidogo.

"Mama. Ulikuwa unajua?"

Akaketi kwenye kigoda, akajifunika kanga vizuri. "Alinisimulia mwenyewe, Miono, anacheka. Akasema, mama, sitaki kugombana na mke wangu, nampunguzia kidogo kidogo mpaka achoke aache mwenyewe. Nikamwambia, mwanangu, hivyo sivyo. Mkataze kwa mdomo kama mwanamume, au mwache. Akasema mama, wewe huyajui mambo haya."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nimekwambia kila siku!" Sauti yake ikapanda, machozi yakamtoka. "Nimekwambia ni Razaki, nimekwambia ndiye anayekukatia. Wewe ukaniona mshirikina. Ulitaka nisemeje, Shufaa? Nikae hapa na mkewe aliye eda, nimchambue mwanangu, udongo wa kaburi lake haujakauka? Sikuweza. Nilisema kile nilichoweza kusema."

Tukalia wote wawili. Sitadanganya kwamba tulikumbatiana. Kila mtu alilia mahali pake.

Halafu nikatazama saa ya ukutani. Muda wa zamu ulikuwa umeshaanza kuliwa. Nikashika simu vizuri.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Naifuta."

"Ni amri ya marehemu."

"Eda yake ninaikaa, mama, na nitaikaa mpaka siku ya mwisho. Nitamwombea dua kila swala. Akistahili heshima yoyote kwangu ataipata. Ila hii, hapana. Hakunipa akiwa hai nikaikubali, sasa sitaitii akiwa kaburini. Kama ni mirathi, waambie hii hairithiwi na mtu."

Akanisogelea, nikadhani atainyakua ile simu mkononi mwangu.

"Basi soma bismillahi," akasema. "Ufute."

Nikasoma. Nikafuta. Simu ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo kwa nguvu mpaka ukucha ukauma.

Kompyuta ikashika mtandao. Nikavaa spika za masikioni, macho yamevimba, nikajitangaza niko tayari.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Chalinze, pampu yake ya maji imepelekwa mkoa mwingine kabisa. Alinitukana mimi, akaitukana kampuni, akamalizia na dereva. Haki ya Mungu sijawahi kufurahia matusi kama siku ile. Nikamwambia, "Shikamoo baba, nakusikia vizuri, tena vizuri sana. Nipe jina lako."

Nafasi yangu sikunyang'anywa. Neno la siri la kile kisanduku nikaliweka jipya, langu, na mama mkwe akiwepo. Mwinjuma nilimpigia nikamtaka radhi kwa hilo la mtandao. Kwa hilo la kutembea uani kwangu na macho ya kidalali sikumtaka radhi, na nilimwambia hivyo hivyo. Akacheka kwa aibu.

Eda niliimaliza. Mama amerudi Miono, tunapigiana. Mirathi iligawiwa kwa sheria, na mimi bado naishi humu humu.

Najua yatakayoandikwa hapo chini. "Unamdhalilisha marehemu." "Alikuwa anakujali." "Mwanaume alitaka mkewe apumzike tu." Andikeni, nasoma zote. Alinipenda, hilo silipingi, na mimi nampenda hadi leo. Lakini mtu anayekupenda akikufungia mlango huku anakuuliza kwa nini umeshindwa kutoka, bado amekufungia. Angenikataza waziwazi tungegombana, na pengine ningemshinda. Alilijua hilo.

Mnaniuliza nimemsamehe? Bado. Nikiwa tayari nitamsamehe, na hakuna atakayeniharakisha.

Wewe dada unayesoma, kama kuna kitu nyumbani kwako kinafanya kazi kwa wote na kinakukatalia wewe peke yako, usikubali kuambiwa hujui kukitumia. Ingia mle ndani mwenyewe, usome amri imewekwa na nani. Ukikuta jina la mtu unayempenda, lia. Ukimaliza kulia, futa.